Mradi Usioisha kwa Kutafuta Google: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Anayebuni Miradi Binafsi ya Kujifunza

Mara ya kwanza nilipowaambia wanafunzi wangu kila mmoja achague mradi wake, nilipokea kazi thelathini na moja za slaidi zilizofanana kama watoto wa tumbo moja. Mada zilikuwa tofauti kweli: volkano, nyangumi, mpira wa miguu, historia ya ndege. Lakini kila kazi ilianza na maana ya neno, ikaja na aina zake, kisha faida, kisha hasara, kisha hitimisho. Hata nyangumi alipewa faida na hasara. Kazi moja ilikuwa bado na mstari pale chini: "Bofya hapa kusoma zaidi."

Niliwakasirikia siku mbili, halafu nikakubali kwamba kosa lilikuwa langu. Niliwapa mada, na mada ukiiingiza kwenye kisanduku cha kutafutia inatoka ikiwa insha. Siku hizi ukiiingiza kwenye programu ya akili bandia inatoka insha nzuri zaidi, yenye aya zilizopangwa na bila makosa ya tahajia. Kwa hiyo sharti langu sasa ni moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: mradi uwe na kipande kimoja ambacho hakipo popote mtandaoni mpaka mwanafunzi mwenyewe akilete. Kipande hicho chaweza kuwa kipimo alichokichukua, sauti aliyoirekodi, mchezo alioutunga au hesabu ya kitu alichokitazama kwa wiki tatu. Zana za mtandaoni zinakuja baadaye, kumsaidia kukikusanya, kukichambua na kukionyesha.

Hatua ya kwanza: fanya wa kwako

Najua hutaki kusikia hili. Una mitihani ya kusahihisha. Lakini mwalimu ambaye hajawahi kufanya mradi binafsi hawezi kukisia mwanafunzi atakwama wapi, na mwanafunzi asiposaidiwa pale anapokwama ndipo anaponakili.

Chukua wiki mbili, dakika kumi na tano kwa siku. Mimi nilianza na kumbukumbu yangu mwenyewe. Mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 utafiti kuhusu kusahau ambao mtafitiwa wake alikuwa mmoja tu: yeye mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akajipima baada ya muda tofauti tofauti, akaandika ni kiasi gani kimebaki. Huo ulikuwa mradi binafsi kwa maana halisi ya neno. Nami nikachukua maneno arobaini ya lugha ngeni. Ishirini nikayaweka kwenye Anki, programu ya kadi za kukumbukia inayokurudishia kila kadi kwa nafasi zinazorefuka kadiri unavyoikumbuka. Ishirini nyingine nikazisoma kwa namna niliyosomea mitihani yote ya maisha yangu, yaani usiku mmoja, kwa hofu.

Matokeo si muhimu sana hapa. Muhimu ni kilichotokea siku ya nne: nilisahau kufungua programu, siku ya tano kadi zikawa zimerundikana, siku ya sita nikatamani kuacha. Ningekuwa mwanafunzi ningetunga matokeo. Kwa sababu hiyo, siku hizi nikiona mwanafunzi anakuja wiki ya pili na data safi isiyo na pengo hata moja, namuuliza kwa upole: "Siku uliyosahau ni ipi?" Karibu wote wanayo.

Hatua ya pili: bunga bongo kwa maswali, si kwa mada

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Tenga kipindi kizima, funga kompyuta, simu ziwekwe mbali. Kubunga bongo mbele ya skrini kunaishia kwenye orodha za "miradi hamsini bora", na orodha hizo zimeandikwa na watu wasiomjua mwanafunzi wako.

Kila mmoja ajaze karatasi mistari mitatu tu: kitu kinachonikera, kitu ninachokifanya bila kulazimishwa, kitu ninachokiona kila siku lakini sijui kinafanyaje kazi. Dakika kumi. Kisha wabadilishane karatasi na jirani, na jirani aandike maswali mawili juu ya kila mstari. Usiruhusu mtu kusema "hilo swali baya" katika hatua hii. Kuchuja kutakuja. Ukianza kuchuja mapema, wenye haya wanafunga midomo na unabaki na mawazo ya wale watatu wanaoongea siku zote.

Halafu zunguka, ukae na mmoja mmoja. Haya ni mazungumzo niliyokuwa nayo na kijana mmoja, na nayaweka hapa kwa sababu yanaonyesha mada inavyogeuka kuwa swali:

"Unataka mradi wa nini?"

"Muziki, Mwalimu."

"Muziki upi?"

"Wowote."

"Wewe huimba?"

"Bafuni tu. Bafuni ndiko naimba vizuri." Darasa likacheka.

"Kwa nini bafuni?"

"Sauti inakuwa nene."

"Inakuwa nene masikioni mwako, au ni nene kweli? Utajuaje?"

Akanyamaza. Akatazama dari. "Nirekodi?"

Hapo mradi ulizaliwa. Hakuwa na jibu, lakini alikuwa na kitu cha kwenda kufanya. Angalia pia kwamba swali lililomfungua halikuwa "kwa nini". "Kwa nini" huita insha. Kilichomfungua ni "utajuaje", kwa sababu hilo huita kipimo. Kila mwanafunzi akikuletea "kwa nini", mrudishie "utajuaje", hata mara tatu.

Kama karatasi zinabaki tupu, na kuna darasa ambalo siku hiyo limelala, mwalimu aje na akiba yake. Yangu ina maswali kama haya. Bibi yangu anatumia maneno gani ambayo mimi siyajui, na rafiki zangu wanajua mangapi kati ya hayo? Nadhani natumia simu saa ngapi kwa siku, na simu yenyewe inasema ngapi? Mwezi unachelewa kuchomoza dakika ngapi kila siku? Hili la mwezi nalipenda sana. Wastani ni kama dakika 50, ila hubadilika siku hadi siku, na mwenye kilima mbele ya nyumba atapata namba zake zikipishana na za vitabu mpaka atambue kwamba kilima nacho kimo katika hesabu. Mengine: naweza kutunga mchezo ambao mdogo wangu wa miaka sita ataucheza bila kuelezwa? Kamba ya urefu gani itanipa bembea ya sekunde mbili kamili? Mti ulio nje ya dirisha langu hutembelewa na wadudu wangapi asubuhi, na jioni ni wale wale?

Siwagawii haya kama kazi. Nasoma mawili matatu kwa sauti, kisha nakaa kimya. Kimya kinafanya kazi kuliko mifano.

Hatua ya tatu: chuja

Sasa unaweza kuwa mkali. Natumia majaribio matatu, na swali likianguka moja kati ya hayo linarudi kwa mwenyewe.

La kwanza ni jaribio la dakika tano. Mwanafunzi akae na kompyuta, atafute, hata aulize programu ya akili bandia. Jibu kamili likipatikana ndani ya dakika tano, basi huo si mradi, ni swali la kazi ya nyumbani. Usilitupe, uliza nini kimebaki baada ya jibu hilo. "Sauti husafiri kwa kasi gani?" linaanguka: ni kama mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi. "Naweza kuipima kasi hiyo kwa simu na ukuta wa shule, na nitakosea kwa kiasi gani?" linapita.

La pili: ni nini atakachokuwa nacho mkononi ambacho hakuna mwingine anacho? Akijibu "taarifa nilizokusanya kutoka tovuti mbalimbali", bado.

La tatu ni ukubwa. Wanafunzi hupenda kuokoa bahari. Mwambie aanze na ndoo moja ya maji. Mradi wa wiki sita unapaswa kuwa na kitendo kimoja kinachorudiwa, na kitendo hicho kiweze kumalizika ndani ya dakika ishirini. Ukizidi hapo utafanywa vizuri wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili, na wiki ya tatu utasikia habari za simu iliyoharibika.

Hatua ya nne: sasa ndipo uchague zana

Walimu wengi tunaanzia hapa. Tumetoka semina, tumeonyeshwa programu inayong'aa, tunarudi darasani kutafuta sababu ya kuitumia. Kanuni yangu ni zana mbili kwa mradi: moja ya kufanyia kazi, moja ya kuwekea kumbukumbu. Ya kumbukumbu ni hati ya kawaida au jedwali la kawaida, basi. Ya kazi inategemea mwanafunzi anataka kufanya nini.

Anayepima vitu, simu yake tayari ni maabara. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inasoma vihisi vilivyomo ndani ya simu: mwendo, sauti, sumaku, mwanga. Ni ya bure. Mwenye swali la bembea akifunga simu vizuri kwenye kamba ya mita moja ataona inakwenda na kurudi kwa takriban sekunde mbili, na hapo ataanza kuuliza kuhusu mvutano wa dunia bila wewe kumwambia. Sisitiza neno "vizuri" katika kufunga. Kwa sauti, programu ya kompyuta iitwayo Audacity inarekodi na kuonyesha wimbi lenyewe kwenye skrini.

Yule kijana wa bafuni alifanya hivi. Alipiga kofi moja bafuni, moja chumbani, moja uwanjani na moja akiwa ameingiza kichwa na simu kwenye kabati la nguo. Kwenye Audacity kila kofi lilionekana kama mwiba mrefu wenye mkia. Mkia wa bafuni ulikuwa mrefu kuliko yote, ukififia polepole. Wa kabatini ulikatika kama umekatwa kwa kisu. Akauvuta kwa kipanya kutoka mwanzo hadi pale macho yake yaliposema "umekwisha", akasoma muda chini ya dirisha, akaandika kwenye jedwali. Kisha akagundua shida ambayo sikuwa nimemwambia: kila akirudia kusoma wimbi lile lile anapata namba tofauti kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayeamua mkia umeishia wapi. Aliniuliza afanye nini. Nilimwambia apime kila kofi mara tano, achukue wastani, na aandike namba zote tano, si wastani peke yake. Kitabu kizima cha makosa ya vipimo kilikuwa ndani ya kofi lile.

Anayependa viumbe ana iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unapiga picha ya mmea au mdudu, programu inapendekeza jina, na watu wengine wanakubali au wanakupinga. Kule kupingwa ndiko elimu yenyewe. Kwa watoto wadogo kuna Seek, ndugu yake, ambayo haihitaji kufungua akaunti.

Anayetaka kutengeneza mchezo au hadithi inayocheza atumie Scratch, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, na kuna toleo la kupakua kwa wasio na intaneti ya uhakika. Wa hisabati wana GeoGebra, ya kuchora maumbo na grafu. Wa anga wana Stellarium, inayoonyesha mbingu zitakavyokuwa usiku na saa yoyote. Wa mwezi ataitumia kutabiri, kisha atoke nje ahakikishe. Wa fizikia na kemia wana maonyesho ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaani majaribio ya kuigiza ndani ya kompyuta, ingawa nawaonya wanafunzi wangu kwamba maonyesho ya kompyuta hayana uchafu wala upepo, kwa hiyo yawe mazoezi kabla ya kipimo halisi, yasiwe badala yake.

Halafu kuna zana za aina nyingine kabisa, zile ambazo mwanafunzi anashiriki utafiti wa kweli wa watu wengine. Zooniverse inakusanya miradi ambayo wanasayansi wana picha, sauti au hati nyingi kuliko macho waliyonayo, na wanaomba umma usaidie kuzipanga. Ilitokana na Galaxy Zoo, iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa ajili ya kupanga picha za galaksi. Mwaka huo huo Hanny van Arkel, mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, alikuwa akipanga picha zake kama wengine alipoona doa la ajabu karibu na galaksi iitwayo IC 2497. Hakujua ni nini. Akauliza. Wanaastronomia nao hawakujua. Baadaye ilieleweka kwamba ni wingu kubwa la gesi lililoangazwa na kiini cha galaksi hiyo, kiini ambacho sasa kimefifia. Ni kama mwangwi, ila wa mwanga. Kitu hicho kinaitwa Hanny's Voorwerp, yaani "kitu cha Hanny" kwa Kiholanzi, na darubini ya Hubble ilielekezwa huko kukipiga picha. Nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu moja: mwalimu huyo hakuwa na darubini wala shahada ya astronomia. Alikuwa na ujasiri wa kuandika "hiki ni nini?" mahali ambapo wataalamu wangesoma.

Ila kupanga picha peke yake hakutoshi kuwa mradi binafsi. Ongeza swali la mwenyewe: je, mimi na dada yangu tukipanga picha thelathini zile zile, tutakubaliana mara ngapi? Hapo ana data yake.

Wapenda lugha wana Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003 na bado ina makala nyingi za mistari miwili tu. Kupanua makala fupi ni mradi mzuri sana kwa kidato cha juu, lakini una mtego: Wikipedia haipokei utafiti wako binafsi, inapokea yale yaliyokwisha kuchapishwa na vyanzo vya kuaminika. Kwa hiyo maneno ya bibi hayaendi huko. Mchango wa mwanafunzi pale ni kutafuta vyanzo, kuvisoma, kuvilinganisha, na kuandika Kiswahili chake mwenyewe badala ya kumwaga tafsiri ya mashine. Ujuzi wa kutofautisha "najua" na "kimechapishwa" hupatikana kwa nadra darasani, na pale anaupata kwa lazima, kwa sababu mhariri asiyemjua atamfutia sentensi isiyo na chanzo. Mwandae kisaikolojia. Wa kwangu mmoja alilia.

Maneno ya bibi yaende kwenye jedwali, pamoja na rekodi ya sauti iliyotengenezwa kwa ridhaa ya bibi.

Hatua ya tano: mkataba wa ukurasa mmoja

Kabla ya mtu kuanza, aandike ukurasa mmoja na tuusaini wote wawili. Uwe na swali kwa sentensi moja, kitendo kitakachorudiwa, siku gani na saa ngapi, zana mbili, atakachokuwa nacho mwisho, na mpango wa pili kama wa kwanza utashindikana. Mstari huo wa mwisho wengi wanauruka. Usikubali. Wa mwezi aliandika: "Mawingu yakiwepo siku tatu mfululizo nitapima machweo ya jua badala yake." Mawingu yalikuwepo.

Kuna mwanafunzi atakayetaka kubadilisha swali wiki ya pili. Mruhusu mara moja. Ya pili mkatalie, maana hapo anakimbia ugumu.

Hatua ya sita: usalama, kabla ya akaunti ya kwanza kufunguliwa

Hili nililijifunza vibaya. Mwaka mmoja nilikuta mwanafunzi ameweka hadharani picha ya ua zuri, na chini yake ramani yenye kitone kilichosimama juu ya nyumba yao. Picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Sikuwa nimewafundisha hilo. Tuliifuta picha jioni ile ile nikampigia mama yake simu, mazungumzo ambayo sitamani kuyarudia.

Tangu hapo naanza na mipangilio. Zima kurekodi mahali kwenye kamera, au tumia mpangilio wa kuficha. iNaturalist ina chaguo la kuficha linaloonyesha umma eneo pana tu badala ya kitone halisi. Jina la akaunti lisiwe jina kamili la mtoto wala la shule. Nyuso za watu zisionekane bila ridhaa yao, na kwa watoto ridhaa ni ya mzazi. Angalia umri: huduma nyingi hukataa akaunti za walio chini ya miaka 13, na chanzo kikubwa ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya faragha ya watoto mtandaoni. Usimfundishe mtoto kudanganya mwaka wa kuzaliwa ili mradi uende. Zana nyingi nilizotaja zinafanya kazi bila akaunti hata hivyo: Scratch unaweza kuitumia na kuhifadhi faili kwenye kompyuta, Zooniverse inakubali mchango wa mgeni, Audacity haikuulizi wewe ni nani.

Wazazi waandikie barua fupi inayosema mtoto atatumia nini, kwa muda gani, na kitakachoonekana hadharani ni kipi. Wengi hawatajibu. Wachache watakaojibu watakuokoa.

Hatua ya saba: wiki sita, na daftari

Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha, ilimradi kitendo chenyewe kinafanyika nje ya kipindi. Wiki ya kwanza ni ya jaribio dogo: siku mbili za kukusanya, kisha tunakaa kuangalia kama data inasomeka. Nusu ya miradi hubadilika hapa, na ni sawa. Wiki ya pili hadi ya nne ni za kukusanya. Ya tano ni ya kuchambua, ya sita ya kuonyesha.

Daftari la mradi ndilo ninalolisoma kuliko kitu kingine. Sentensi tatu kila mara: nilifanya nini, niliona nini, nini kimenishangaza au kunikwamisha. Liandikwe kwenye hati ya mtandaoni yenye historia ya matoleo, kama Google Docs, kwa sababu historia inaonyesha lini kila sentensi iliandikwa. Mwambie mwanafunzi mapema kwamba utaiangalia. Daftari la wiki nne lililoandikwa lote Jumapili usiku linajulikana bila ugomvi.

Mimi nazunguka dakika tano kwa kila mtu, nikiwa na maswali mawili: "Nionyeshe kitu kipya tangu wiki iliyopita," na "Umekwama wapi?" Sitoi majibu ninapoweza kujizuia. Mara nyingi najizuia vibaya.

Intaneti ikiwa hafifu, pakua mapema. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima au sehemu yake kwenye kompyuta au simu na kuisoma bila mtandao. Kolibri inafanya hivyo kwa masomo na video, ikigawia darasa zima kutoka kompyuta moja. Na kumbuka kwamba kipande kile muhimu, kipimo chenyewe, hakihitaji bando.

Kuhusu akili bandia

Kuikataza ni kujichosha. Nimeipa kazi mbili. Ya kwanza ni mpinzani: mwanafunzi anaipa mpango wake na kuiambia itafute udhaifu wake, kisha yeye anaamua ukosoaji upi una maana na kuandika sababu. Ya pili ni msaidizi wa fomyula za jedwali na hitilafu za programu, mambo ambayo zamani yalikula kipindi kizima. Kilichokatazwa ni kimoja: isiguse data. Namba hazitungwi, hazijaziwi pengo, hazisafishwi bila kuandikwa. Na kila inachokisema kama ukweli kihakikiwe mahali pengine, kwa kuwa inaweza kutunga jambo kwa sauti ile ile ya uhakika inayotumia kusema kweli.

Hatua ya nane: kuonyesha na kupima

Wape hadhira isiyo mwalimu. Darasa la chini yao ni hadhira bora, kwa sababu halina adabu ya kujifanya limeelewa. Dakika tano za kueleza, dakika tano za maswali, slaidi zisizidi nne, na moja kati ya hizo lazima iwe picha au grafu aliyoitengeneza mwenyewe. Akitumia picha au sauti ya mtu mwingine, aangalie leseni yake. Zenye leseni za Creative Commons nyingi huruhusu matumizi kwa sharti la kumtaja mwenye kazi, na sehemu kubwa ya picha za Wikimedia Commons ziko hivyo.

Kwa alama, mimi natoa 40 kwa ushahidi aliokusanya, 30 kwa daftari, 20 kwa kujibu maswali kwa mdomo na 10 kwa swali lenyewe. Hakuna alama kwa "matokeo mazuri". Mradi ulioshindikana ukiwa na daftari la kweli unapita ule uliofaulu bila kueleza umefaulu vipi. Wenzangu wengine hutoa alama za urembo wa slaidi. Mimi niliacha baada ya kuona nani walikuwa wakizipata: wenye kompyuta nyumbani.

Kijana wa bafuni alileta grafu ya mikia minne ya makofi, akaeleza namba zake tano tano, akakiri kwamba hakuweza kuthibitisha kama sauti yake ni nene kweli, maana alikuwa amepima urefu wa mkia na si unene wa sauti. Mtoto wa darasa la chini akanyosha mkono: "Na ukijaza bafu maji?" Akanitazama, nami nikatazama dirisha. Wiki iliyofuata alikuja na jedwali jipya.